Kasuku na Kikwembe cha Mama

Mimi si mtu wa kusamehe haraka, niseme mapema. Kansa ya titi iliniacha hai, lakini dawa zake kali ziliniachia kichwa chenye matundu. Natia chumvi, dakika ileile sijui kama nimetia. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alipoona hivyo alifurahi. Siku moja alinikuta nikipekua sanduku, nikitafuta kikwembe, kile kitenge cha kujifunga cha marehemu mama yangu, akaniambia, "Ulinipatia mwenyewe, wifi. Umesahau?"

Kweli sikukumbuka, na hilo liliniuma kuliko kisu cha daktari.

Tangu dawa zilipokwisha, kila Jumatano nilikaa dirishani, pale ambapo rezo, mtandao wa simu, inapatikana, nikaingia kwenye kikundi chetu cha simu: wanawake wa Bukavu, wa Kindu, na mimi wa Kasongo, wote tuliougua titi, wote wasahaulifu. Mwanasaikolojia wetu alitufundisha kurudilia kwa sauti kila jambo tunalofanya au kuambiwa. "Ninafunga mulango. Ninaweka ufunguo mu kikapo." Wifi akanibatiza Kasuku. Kila penye watu aliiga sauti yangu, na watu walicheka mpaka machozi.

Nilipowaeleza wenzangu habari za kikwembe, mama mmoja wa Kindu akauliza, "Siku alikuya kukikamata, haukurudilia?"

"Labda nilirudilia. Nani atakumbuka?"

"Ule mwenye kukucheka, mama! Yeye hawezi kusahau."

Ee Mungu wangu! Nilicheka peke yangu siku nzima. Mdomo uliponza kichwa, nikasema, basi tungoje.

Siku ya mahari ya binti wa shemeji yangu, wifi alikuja amejifunga kikwembe cha mama juu ya kingine. Ukoo wote upo, mama mkwe katikati. Nikamwambia kwa upole kabisa, "Wifi, utuchekeshe kidogo. Iga Kasuku, ile siku ulikuya kwangu kukamata kikwembe."

Kama kweli nilimpa, nilikuwa najiaibisha mwenyewe mbele ya wote, na kichwa changu kimekwisha. Lakini utamu wa kuchekesha watu ulimshinda yule mwanamke. Akasimama, akashika kiuno, akatoa sauti yangu:

"Wifi anakopa kikwembe ya mama! Atarudisha nyuma ya Pasaka!"

Watu wakapasuka. Mama mkwe peke yake hakucheka.

"Pasaka gani?" akauliza. "Si imeshapita, na sasa tuko karibu na Noeli?"

Kicheko kikakatika. Wifi akaanza, "Mama, nilikuwa nachekesha tu..." Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Sikumwambia twende ndani, hata kidogo. Nilitaka ukoo wote uone. Alifungua fundo polepole, na mimi nikasema kwa sauti, kama tulivyofundishwa:

"Wifi anafungua kikwembe ya mama. Anairudisha. Ninaipokea."

Kisha nikamtazama usoni.

"Rudilia na wewe, wifi, usisahau."