Chai ya Asumini Dukani kwa Mama Kaanaeli

Harufu ya majani makavu ya chai, mkebe unapofunguliwa kwa mara ya kwanza, hunirudisha Same hata nikiwa nimekaa zangu jikoni kwangu Dodoma. Sisemi harufu ya chai iliyochemka. Hiyo kila nyumba inayo. Nasema ile kavu, tamu kwa mbali, kama nyasi zilizoanikwa karibu na maua. Ikinipata nakuwa tena na miaka saba, nimeshika koti la baba, tumesimama mlangoni pa duka ambalo watu wa aina yetu walilitazama kwa nje tu.

Kwetu ni Mhezi, juu milimani. Chai tuliyoijua ilichemshwa kwenye sufuria pamoja na maziwa na tangawizi iliyopondwa, mpaka ikakuwasha koo. Mwaka ule mama alikuwa mjamzito, nami nilishaahidiwa mdogo wangu. Kisha mama akateremshwa hospitali mjini, nikaachwa kwa shangazi, na watu wazima wakawa wananyamaza kila nikiingia. Asubuhi moja baba akaja kunichukua, amevaa koti lake la kanisani ingawa haikuwa Jumapili.

"Twende tukamlete mama yako," akasema.

Ukiteremka kutoka kwetu, baridi unaiacha njiani. Ukifika Same jua limeshakukalia utosini. Mama alikuwa kwenye benchi nje ya hospitali, amejifunga kanga mbili, mikono imelala mapajani. Nilimkimbilia. Tumbo lilikuwa limekwisha, na mtoto simwoni.

"Mama, mtoto yuko wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Baba ndiye aliyejibu: "Kwanza twende tukanywe chai."

Nilidhani tunakwenda kwa mama ntilie wa stendi, mwenye maandazi yangu. Tukampita. Baba akaendelea mbele, amebeba mkoba wa mama, jambo ambalo sikuwahi kuliona, mpaka kwenye lile duka la barabarani lililouzia watalii na wakubwa wa maofisini chai na vyakula vya kifahari. Sisi Wapare tunataniwa nchi nzima kwa kubana mkono, na baba yangu hakuwahi kuwaaibisha watani wetu. Shati likichakaa kola, aliigeuza, likaanza maisha upya. Mtu huyo ndiye aliyesukuma mlango wa kioo, akatutanguliza ndani.

Jamani, mle ndani! Kulikuwa na ubaridi kama wa nyumbani, na harufu zilizofuatana kama wageni wa harusi: iliki, mdalasini, kahawa, asali, kisha nyingine nisizozijua majina. Mikebe ya chai ilipangwa mpaka darini, myekundu, ya kijani, mingine imechorwa ndege. Kwenye mitungi ya kioo kulikuwa na lozi na tende zinazong'aa kana kwamba zimepakwa mafuta. Nilificha mikono mgongoni bila kuambiwa.

Mwenye duka, Mama Kaanaeli, alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Nilimwamkia. "Marahaba, mwanangu," akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwa mama. Alimtazama kidogo tu, kisha akavuta kiti chenye mto. "Kaa hapa, mdogo wangu. Leo huchagui kitu, nakuchagulia mimi."

Akafungua mkebe mmoja, akamsogezea mama puani. Mama akageuza uso. Akafungua wa pili. Wa tatu mama hakuukwepa. Alifumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Ni asumini," Mama Kaanaeli akasema taratibu. "Wanachanganya majani na maua yake."

Akaitia maji ya moto, akaimimina kwenye vikombe vyembamba vya kauri, nyepesi, rangi ya asali, bila maziwa. Mimi nikapewa tende, kisha kipande cha chokoleti nilichokiacha kiyeyuke ulimini kwa kuogopa kukimaliza. Ndipo akaniletea kisahani, akasema, "Haya, onja na chizi."

Kwetu chizi ni mtu aliyerukwa na akili. Nikaangalia mlangoni, nikajisogeza kwa baba. "Yuko wapi?"

Mama akacheka. Kilianza kicheko kidogo cha puani, kikakua, mabega yakatikisika, kisha sijui ni wapi kiligeuka, maana niliona analia, analia kwa sauti, na kikombe bado mkononi. Mama Kaanaeli akakipokea kile kikombe, akaenda akafunga mlango wa duka kwa ufunguo, akarudi akakaa karibu naye.

"Lia, mdogo wangu. Hapa hakuna anayekuharakisha."

Mimi nilijua kosa ni la lile jibini la kwenye kisahani, ndilo aliloliita chizi, maana nilipoliweka mdomoni na mimi machozi yalikuwa karibu. Baba alisimama ametupa mgongo, anasoma mikebe asiyoweza kuisoma. Mama alipotulia, baba akaonyesha mkebe wa asumini. "Nifungie huu." Hakuuliza bei.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mjamzito mimi mwenyewe, mama aliniambia kwamba mdogo wangu, mvulana, alizaliwa bila kulia, na baba alimzika kabla ya kuja kunichukua. Lakini habari ya duka hakuweza kunieleza. "Muulize baba yako."

Nilimkuta baba, mzee sasa, akipalilia migomba. Hakuinua kichwa.

"Nyumbani watu walishajaa wanamngoja," akasema. "Watu wema, na pole zao. Angeingia tu angeanza kuwafariji wao. Nikasema, kwanza akae mahali ambapo hakuna anayemjua."

Niliposikia hayo nilidhani nitalazimika kuitupa siku yangu ile, siku ya tende na chokoleti, maana nilikuwa nimekula raha juu ya msiba. Sikuitupa. Raha ilikuwa ya kweli, na msiba ulikuwa wa kweli, na baba yangu, mtu asiyejua maneno matamu, alivitafutia vyote viwili mahali pa kukaa.