Jogoo Aliyebaki Isebania

Miezi mitatu iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya forodha Isebania. Mbele yangu alisimama mwalimu mmoja kutoka Homa Bay, pikipiki yake imebeba hema, sufuria, jerikeni ya petroli, na jogoo ndani ya kikapu.

"Hii kuku inaenda wapi?" afisa aliuliza.

"Afrika Kusini, afande. Si sasa wamepata uhuru? Tunalala kwa hema mpaka huko."

"Iko na barua ya daktari wa mifugo?"

Hakuwa nayo. "Lakini mzee wangu amesema hema ni nyumba," alieleza. "Na kwetu mtu hafungui boma mpya bila jogoo."

"Kuku haivuki."

Nilidhani atageuza pikipiki. Badala yake alifungua kamba, akasimamisha hema palepale uani, akapigilia vigingi vyote, akaingia na jogoo wake, akafunga zipu. Alipotoka, alikunja hema bila haraka, akamkabidhi afisa kikapu.

"Boma limefunguliwa. Huyu unaweza kula."

Afisa alirudi nyuma hatua mbili. "Omera, ndugu yangu, hata mimi ni wa kwenu. Jogoo ya boma hailiwi kama mwenyewe yuko safari." Akamfunga jogoo kwenye mguu wa meza, kisha akagonga muhuri.

Jana nilipita tena. Mwalimu hajarudi. Jogoo amenenepa, nasi wasafiri tunamruka kwa heshima, maana afisa ametangaza kwamba atakayeuliza bei yake hatavuka.