Maziwa ya Baba Ilunga

Siku yangu ya kwanza jikoni, hospitali ya kampuni ya madini kule mtaa wa Panda, sikupewa mwiko. Masera, yule mtawa mkuu wa wodi, alinipa kitambaa cheupe. "Mama Agnès, bagonjwa ba huku habamezi bukari. Chuja uji mpaka hakuna chembe inabakia."

Bukari, ugali wetu, haikupita kwao: walikuwa wagonjwa wa kansa ya umio, ile njia ya chakula toka kooni mpaka tumboni. Ikiziba, hata mate yanarudi. Nilijifunza kupiga yai ndani ya maziwa, kutia mafuta na sukari, kuchuja tena. Daktari wa kupasua alikuwa na sharti lake: mugonjwa akikonda sana, hamugusi, atamufia mezani.

Baba Ilunga, fundi wa tanuru, alikuwa angali anameza vitu vya maji. Kila bakuli la maziwa lilirudi tupu, na yeye anazidi kukonda. Masera akanigeukia.

"Weye njo unakunywa maziwa ya mugonjwa?"

"Masera, minye niko na bukari yangu kwangu!"

Saa ya kutembelea wagonjwa nikajifanya ninapangusa karibu na kitanda chake. Nikaona bakuli linatoka uvunguni, watoto wake wanapokezana. Walipoenda nikakaa karibu naye.

"Baba, unataka kufa?"

"Batoto banalala njaa, mama. Chef Mbuyu alikata posho yetu."

Jina ninalitaja: Mbuyu, mkuu wa wafanyakazi. Nilimufuata ofisini. Hakuniambia nikae.

"Citoyenne," akaniita, yaani mwananchi, si jina langu, "Ilunga anakula hospitali. Unga ingine ya nini?"

"Na bibi yake? Na batoto?"

"Nabo beko bagonjwa?" Akacheka na karani wake.

Basi nikamuambia daktari maziwa yanaenda wapi. Akamutoboa Ilunga tundu dogo tumboni, akaweka sonde, mupira mwembamba wa kupitishia chakula. Maziwa nikawa ninamimina mwenyewe. Yakishaingia pale, hawezi tena kugawia muntu. Ilunga aligeukia ukuta. Bibi yake akaninong'oneza: "Mimina mbio, mama, batoto beko njiani."

Mwili ukarudi, daktari akamupasua, akapona. Posho nayo ilirudi, lakini siku aliporudi kwenye tanuru, si kabla ya hapo.

Sasa nimestaafu. Vijana wanafikiri kazi yangu ilikuwa kupika. Kazi yangu ilikuwa kushibisha baba wakati watoto wake wanakuja na njaa, kwa sababu muntu mumoja aliona ni haki. Mbuyu angali hai. Ananisalimia kanisani kwa jina langu. Minye simujibu.