Injini Iliyotiwa Chumvi

Tuku-tuku, tuku-tuku, halafu kimya kidogo kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, halafu tuku-tuku tena. Ndiyo injini ya dizeli ya boti aliyoiendesha baba katika Ziwa Rukwa, na mpaka leo naisikia vizuri kuliko kengele ya shule, labda kwa sababu shuleni sikukaa sana. Nyumbani kwetu Ivuna tulichemsha chumvi. Sauti ile ilipokatika, mama aliacha kukoroga chungu, mwiko ukabaki hewani. Ikirudi, naye anaendelea.

Mwaka ule kimya kilizidi kuwa kirefu. Siku moja injini ikazimika katikati ya ziwa asubuhi, na jua lilikuwa linazama baba na wavuvi aliowabeba walipofika ufukweni kwa kupiga kasia, viganja vimechunika. Ndipo mwenye boti, mfanyabiashara wa Tunduma, alipokuja na fundi kutoka ng'ambo ya mpaka. Injini ikatolewa, ikawekwa juu ya magogo karibu na majiko yetu, nasi tukapata kitu cha kutazama.

Fundi akaifumua yote. Pistoni alizipanga kwenye turubai kama muuza samaki, mimi nikawa nazichagulia bei kichwani. Kisha akapitisha kidole kwenye ubavu wa injini, pale kutu ilipobanduka kama maganda, akakilamba.

"Mzee," akamwambia baba, "nimefumua injini nyingi, lakini hii ndiyo ya kwanza nimekuta imetiwa chumvi."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Boti hiyo ndiyo iliyovusha chumvi yetu kwenda kuuzwa; wakati wa mvua ililowa ndani ya magunia, na kila mama alimbembeleza: shemeji, niwekee pale penye joto. Baba hakujua kumnyima mtu. Miaka nenda rudi magunia yalikaukia ubavuni mwa injini, yakiidondoshea maji yake. Gunia la mama yangu ndilo lililotangulia siku zote.

"Sasa niitengeneze hii au ninunue mpya?" mwenye boti akauliza.

"Ndani bado kijana," fundi akasema. "Nikibadilisha ringi za pistoni, itavuta. Shida ni ngozi. Hapa pamelika. Maji ya kupozea yakivujia hapa, itachemka na kufia ziwani. Naweza kupiga kiraka cha chuma, lakini kiraka ni kiraka, mukwai." Mukwai ndiyo heshima ya kwao, kama kusema bwana.

"Na mpya?"

"Mpya inakuja na dereva wake aliyefundishwa nayo."

Nikamtazama baba. Alikuwa anaifuta pistoni moja iliyokwisha kufutwa. Tangu utotoni nilijiahidi kwamba siku moja atanivusha hadi kwenye vilima vya bluu upande wa pili, nione kama vikikaribiwa vinabaki bluu. Sasa nilimwona amekaa nchi kavu, hana la kufanya na mikono yake.

Jioni ile mama alimwambia palepale jikoni, bila kugeuka. "Bwana, mwambie anunue mpya. Heri ukae hapa uchemshe chumvi na mimi, wanawake wakucheke, kuliko nikae kusikiliza."

"Mimi na chungu tutagombana."

"Utakizoea. Mbona mimi nilikuzoea wewe."

Baba akacheka, ila mama alikuwa anafuta macho, na sidhani ulikuwa moshi tu. Siku zilizofuata niliomba Mungu injini ya zamani ipone. Upepo ukivuma kutoka ziwani, naomba iletwe mpya. Sijui alinielewaje.

Mwenye boti ndiye aliyekata shauri. Mpya ingefika baada ya msimu wa samaki, basi itengenezwe hii. Fundi akapiga kiraka, akafunga ringi, akaiwasha. Iliunguruma bila kukatika hata mara moja, na mimi nikacheza, kweli nikacheza, mpaka nilipomwona mama ameshika mwiko uleule hewani. Alizoea kusubiri sauti ikatike.

"Penye kiraka chumvi isisogee," fundi alisema alipokuwa akifunga zana zake. "Ikisogea, usinitafute." Baba akaitikia.

Asubuhi ya safari ya kwanza kina mama walikuja na magunia yao.

"Leo yote mbele," baba akasema.

"Yatalowa, shemeji."

"Basi, tutaona." Akajikuna kichwa. Nilikujua kule kujikuna; ndivyo alivyofanya kila alipokaribia kukubali. Akaenda kunywa uji na wavuvi wake.

Nilipanda botini peke yangu kumwekea chakula chake cha safari. Magunia yalikuwa mbele, yamefunikwa turubai kama alivyosema, isipokuwa moja. Lilikuwa limeegemea injini, juu kabisa ya kiraka. Fundo la kamba yake nililifahamu, maana hakuna mwingine Ivuna aliyefunga vile. Mama alikuwa amefika pale kabla yangu, na mikono yake ilifanya ilichozoea kufanya kila msimu wa mvua.

Nikaliburura hadi mbele, nikalisukuma chini ya turubai. Nikachukua kibuyu cha maji ya kisima, nikaosha kiraka, nikakikausha kwa pindo la nguo yangu. Nikapitisha kidole juu yake, nikakilamba. Bado kulikuwa na chumvi. Nikaosha tena.