Midomo Yangu Mwezi wa Ramadhani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufunga kupita kiasi. Nilikuwa na miaka kumi na minane, pale Mchinga, enzi za Mwingereza, na nilitaka saumu yangu isiwe na doa hata moja. Wenzangu walitema mate wakaendelea na kazi zao. Mimi nilitema, nikafuta midomo kwa upindo wa kanzu, nikailamba kuhakikisha haina kitu, nikashtuka kwamba nimelamba, nikatema tena. Baada ya daku niliisugua kwa mswaki mpaka ikachonyota, isije ikabaki chembe ya wali.

Kufika kumi la pili la mwezi midomo ilikuwa imevimba na kupasuka, na wekundu umeizunguka pande zote. Nikaisafisha kwa ndimu na chumvi. Ikazidi.

Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa vipande vya magazeti ya kufungia sukari, na kitabu changu cha pekee mbali na msahafu kilikuwa kijitabu cha afya kisicho na jalada. Humo mlikuwa na ukurasa wa ukoma: uso huvimba, ngozi hubadilika. Naona haya kuandika hili, lakini siku zile niliusoma ukurasa huo kuliko nilivyosoma juzuu. Nilijua wakoma hupelekwa kambini. Nilijua pia kwamba mama hana mtoto mwingine.

Nikaanza kujitenga. Wakati wa kufuturu nilichukua bakuli langu nikakaa kando, na kikombe changu nikakificha darini asije mtu akakinywea. Mama alivumilia siku tatu, halafu akaniuliza, "Mwanangu, sinia letu lina nini? Au umeoa huko, unapikiwa?"

Nikacheka. Mdomo ukachanika, damu ikatoka, nikakimbilia uani asiione.

Aliiona. Asubuhi alinisindikiza hadi kwenye lori la mbata lililokuwa likienda Lindi, akamwomba dereva anishushe karibu na zahanati. Njia nzima nilifunika mdomo kwa kilemba, nikiwaza kwamba huenda sitarudi.

Dresa, mfunga vidonda wa zahanati, alikuwa mtu mzima, mpole wa sauti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anaandika. Nilipomwambia nina ukoma, akaweka kalamu chini. Hakubisha. Alinifumbisha macho, akawa ananigusa kwa pamba usoni, masikioni na mikononi, nami niseme kila ninapoguswa. Nilisema kila mara. Kisha nikaogopa kwamba nabahatisha, nikamwomba arudie. Akarudia. Mwisho akagusa mdomo, nikaruka.

"Inauma?"

"Sana, mzee."

"Basi shukuru. Ngozi ya ukoma hufa ganzi."

Sikumwamini. Akaniacha nikae pale benchini, akawa ananiuliza habari za Mchinga, nami namjibu. Ghafla akanikatiza.

"Tangu ukae hapo umeilamba midomo mara saba, na mara saba umeifuta. Mate yanaikausha, nguo inaichubua, ndimu inaichoma. Maradhi haya unajitia mwenyewe, kijana."

Nikamwuliza, na saumu je?

"Mate yako unayameza tangu uzaliwe. Leo yamekuwa biriani?"

Aliniambia nisiisugue wala kuilamba, mswaki uishie kwenye meno, ndimu nikamulie mchuzi, na kila usiku nipake mafuta ya nazi kidogo. Bado nikaenda kwa mwalimu wangu wa chuo cha Kurani kuhakikisha. Naye akasema mate ya mtu mwenyewe, yakiwa kinywani mwake, hayabatilishi funga.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Mkono ulikuwa ukipanda mdomoni wenyewe, na kila alfajiri nilijichoma kwa mwiba nione kama nimeingia ganzi. Kufika Idi magamba yalikuwa yametoka, na chini yake palikuwa na ngozi nzima.

Tangu mwaka ule nafunga bila kufuta midomo, na nikiona kitu mwilini mwangu namwambia mama siku hiyo hiyo. Woga haujaniisha, ila sikai nao peke yangu.