Mfagiaji wa Gofu la Stupa

Mfagiaji wa gofu la stupa, kuba la kale la ibada ya Wabuddha nje kidogo ya Anuradhapura, huburuta ufagio polepole asije akang'oa matofali yaliyolegea. Sauti yake ni kavu. "Viatu, wewe! Hapa ni kwa Buddha, si sokoni!" huwakemea mahujaji, na haondoi macho miguuni mwao mpaka wavue. Kila asubuhi huokota ua moja lisilochubuka, akaliweka juu ya jiwe na kumtaja Nilmini, bintiye aliyekwenda Kuwait kufanya kazi za ndani, ambaye simu yake haipatikani tangu mvua za mwaka juzi.

Siku moja msichana mwenye msuko mmoja mrefu alikuwa akilizunguka gofu peke yake.

"Nilmini!"

Msichana akageuka. Uso ulikuwa wa mwingine.

"Umeniita, mama?"

"Nimekufananisha tu. Mwanangu, kama huna haraka, zunguka tena basi. Ila usigeuke."

Msichana akazunguka taratibu. Mfagiaji akaufuata ule mgongo kwa macho mpaka ukapotea nyuma ya matofali. Kisha, kabla uso haujatokea upande wa pili, akainama akaanza kufagia.