Ufa wa Sori Ulioishinda Kompyuta

Mimi ni injinia, na nilikuwa nakagua boriti ya zege katika banda la samaki kule Sori, kando ya Ziwa Victoria. Juu yake nikaona ufa mwembamba, mweusi, uliojipinda ajabu. Nikihofia banda litaanguka, nikawaamuru akina mama wauza samaki watoe omena, wale dagaa wa ziwani, nje, nikaichora boriti ile kwenye kompyuta na kuiongezea mzigo humo. Kwenye skrini ilipasuka kila mahali isipokuwa pale penye ufa. Nikapunguza nondo, nikadhoofisha zege, wapi. Ngazi ya kupanda niutazame kwa karibu ilikuwa kando yangu, lakini nilishaamini nimegundua jambo jipya.

Mvua ikaanza kudondokea omena. Mama Achieng', mmoja wa wale akina mama, akaingia na ufagio, akaukwangua ule ufa, ukaning'inia.

“Injinia, hii ni uzi ya wavu. Tunaanikanga nyavu hapo. Sasa turudishe omena?”